Kitalu cha Kuonyesha Kosa

Kwenye basi la kwenda Mwakijembe nilikaa nyuma ya Bi Ghaliya wa kijiji cha jirani, aliyeketi na kijana asiyemjua, mwenye kofia ya mradi wa mikunde. Kijana alimwamkia shikamoo, akamwuliza kama anashiriki shamba darasa.

"Nashiriki, baba. Kitalu cha wataalamu kimepandwa kwa mistari ya kamba. Changu cha kienyeji, cha kuonyesha kosa."

"Hongera, mama. Kinaendeleaje?"

"Vibaya. Choroko zangu zimezaa kuliko zao. Nyie mlimngoja mgeni rasmi azindue, mimi nilipanda mvua ya kwanza. Sasa bwana shamba ananikataza kupalilia mpaka wageni wapite Alhamisi."

Kijana alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeficha jibu humo. "Lakini mama, bila kitalu kibaya wageni watalinganisha na nini?"

"Na hicho chenu. Kinafaa kabisa."

Vitalu vyote viwili nimeviona. Cha wataalamu kina kibao kizuri sana.

"Mlikubaliana kwenye kikao," kijana alisema. "Huu mradi ni shirikishi."

"Mliuliza nani analima kienyeji, nikanyoosha mkono. Hamkuuliza nani yuko tayari kulala njaa. Nina wajukuu wanne, baba, na hawali mfano."

"Ni magugu ya siku tano tu, mama."

Basi likasimama njia panda ya kwao. Bi Ghaliya akamwomba amteremshie mzigo wake. Kijana ana adabu, akamkabidhi kwa mikono miwili jembe jipya, karatasi ya dukani bado imelishika.