Ubaya wa Shemeji kwa Kiingereza

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alimbana mwalimu mstaafu wa Kiingereza amwandikie barua. Shemeji yake alikuwa ameuza cherehani yake bila kumuuliza, na barua ilikuwa ya bosi wa huyo shemeji, asiyejua Kiswahili.

"Andika ni mtu mbaya."

"Mbaya wa namna gani, mama? Kiingereza kina neno la mtundu, la katili, mpaka la shetani mwenyewe."

"Hilohilo la shetani!"

Kimoyomoyo nami nililipigia kura.

Mwalimu akaandika. Fundi akainama kuitazama karatasi.

"Bosi akilisoma, si atamfukuza?"

"Leoleo."

"Ndiye aliyemuuguza marehemu mume wangu mpaka mwisho." Basi likasimama, akainuka. "Futa. Weka la mtundu."

"Ana umri gani?" mwalimu akauliza, akibadilisha neno.

"Hamsini na mbili," akasema, akaichukua barua, akashuka.