Renatus Aikalia Mikono

Ukishuka stendi ya Ngara na begi kubwa, utadhani umekuwa waziri. Madereva wa bodaboda watakukimbilia kabla mguu haujagusa chini, watakupokea mzigo kwa nguvu, watakuita bosi, mwalimu, mama mzazi. Sasa wewe shuka mikono mitupu uone! Hata salamu hupati. Asubuhi hiyo Renatus, ambaye kwa kukimbilia mizigo hana mpinzani, hakukimbia popote. Aliketi kwenye benchi la Evarista, muuza kahawa, mikono ameikalia, na kofia ngumu ya pili iko mapajani. Mwenye kofia hiyo ni Koleta, mkewe, aliyekwenda kwa dada yake Biharamulo tangu Kwaresima. Ndani ya kofia bado mlinukia mafuta yake ya nywele. Renatus alikuwa na hamu naye mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

— Hebu rudia, Evarista, alisema Projestus, ambaye kijiwe kizima kinamwita Darubini. Huyo dada mtu alisemaje kwenye simu?

— Niseme mara ngapi? Koleta alikuja Alhamisi. Akashuka pale, hana hata kimfuko. Akamwona mumewe anakuja mbio, akatabasamu. Mumewe huyooo, akampita, akaenda kukumbatia gunia la mihogo la mama mwingine. Koleta akarudi na gari la mchana.

— Sikumwona! alisema Renatus. Haki ya Mungu, sikumwona.

— Mke wa ndoa ya kanisani, hukumwona! Evarista alisonya.

— Anasema kweli, alisema Darubini. Jicho ni kibarua wa mkono. Mkono ukitaka gunia, jicho linaleta gunia. Mengine yote linayaacha hukohuko.

Sindayigaya, mbeba ndizi wa sokoni ambaye wote wanamwita Mkungu, alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Usicheke, Mkungu, alisema Darubini. Wewe mwenyewe hiki kilima cha kuja mjini unakionaje?

— Nikiwa na mzigo kichwani? Kinaingia mawinguni, ndugu yangu. Nikishautua nikageuka nyuma, nakuta kichuguu. Nilidhani ni uchawi.

— Umeona! Na dereva anaona mashimo tu, abiria wake anaona migomba. Barabara ni hiyohiyo. Ndiyo maana kanisani mnafumbata mikono. Mikono ikitulia, jicho linakosa kazi, linaanza kuona malaika. Mimi nawaambia, tukifungwa mikono Ngara nzima wiki moja, tutaona mpaka marehemu!

— Na kahawa utanyweshwa na nani? aliuliza Evarista.

Renatus hakucheka. Aliwaza siku ile waliyogombana, kabla Koleta hajaondoka. Koleta alitaka apelekwe kwenye arobaini ya mama yake, naye akajibu kuwa siku ya gulio haiachwi. Kumbe hata siku hiyo alikuwa anaona magunia tu. Roho ilimuuma.

Basi la Biharamulo likaingia. Wenzake wakaruka. Mikono ya Renatus ikataka kutoka, akaikandamiza. Ajabu, leo aliona sura. Aliona msichana anayelia, aliona baba aliyekosea kufunga vifungo vya shati. Akamtafuta Koleta mlangoni mpaka kondakta akashuka. Hayupo. Aliyebaki ni bibi mmoja, mikono mitupu, ambaye wote walikuwa wamempita.

— Shikamoo, bibi. Karibu ukae.

— Marahaba, mwanangu. Namngoja mjukuu wangu wa Murukulazo anifuate. Mbona umejikalia hivyo, unaumwa?

Darubini hakumpa Renatus nafasi. Alimwagia bibi habari yote: Koleta, gunia, kibarua wa mkono, malaika. Mkungu akaongeza kilima chake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Renatus.

— Na huyo mkeo, nani amemwambia kwamba hukumwona?

Darubini akamtazama Mkungu. Mkungu akamtazama Evarista.

— Mimi nilisikiliza tu, alisema Evarista polepole. Dada yake alikuwa anafoka, sikupata pa kuchomeka neno.

— Simu zangu hapokei, alisema Renatus.

Tangu Alhamisi walikuwa wameyachambua macho yake kama madaktari, na huko Biharamulo kuna mtu anaamini alipitwa makusudi. Renatus aliitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi aisugue ndipo aweze kushika funguo.

— Unakwenda wapi? Chupa bado ina kahawa! alisema Darubini.

Alivaa kofia yake, ile ya pili akaifunga kwa mpira kwenye kiti cha nyuma, akaijaribu kama imekaza. Kando ya basi mtu mmoja mwenye magunia mawili makubwa alipunga mkono, akapiga mluzi, akamwita bosi. Renatus alimpita karibu kumgusa, akashika barabara ya Biharamulo.

— Huyu kijana vipi, alilalamika mwenye magunia, ina maana hajaniona?