Mzee Kimya Anatoka Chumba cha Malalamiko

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Kimya anarudisha funguo za chumba cha malalamiko baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi uliomba wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Huo ufupi tutajitahidi.

Alianza kama karani wa mapokezi, kijana mwembamba mwenye shati la kumpwaya. Baadaye akapandishwa kuwa afisa malalamiko kwa sababu, kama alivyosema mkuu wa wakati ule, ana uso wa kuvumilia. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Chumba chenyewe kiko kati ya dirisha la dawa na ngazi za kushukia mochwari. Kila aliyeingia humo alikuwa ameumizwa au amefiwa, na alitaka kujua kwa nini.

Jina la Mzee Kimya ni la kumsingizia. Kantini anaongea mpaka chai inapoa, na akianza habari za mpira hata mwenye haraka hakosi kuchelewa. Ukimya ulikuwa sharti la kazi. Mwanasheria wa hospitali alikuwa amepiga marufuku kumwambia mgonjwa au ndugu wa marehemu neno pole, akihofia kwamba mahakamani lingehesabiwa kuwa kukiri kosa. Hebu fikirini, jamani. Mtu anaingia na nguo za mtoto aliyekufa asubuhi, nawe unamwambia malalamiko yako yamepokelewa. Neno tunalompa hata aliyejikwaa kizingitini likawa haramu mle ndani.

Alilizunguka sharti hilo kwa namna zake. Aliinuka kila alipoingia mama. Aliwasindikiza watu hadi getini akiwabebea mizigo. Aliwahi kupiga goti kumfunga kamba za viatu baba mmoja aliyeshindwa kuzifunga mwenyewe, na kwa hilo akaitwa kujieleza. Bado wengi walimwona ana roho ngumu. Mmoja alimtemea mate. Alijifuta, akaendelea kuandika.

Mwaka jana sheria ikabadilika. Sasa pole inayotolewa kwa mgonjwa au jamaa zake haiwezi kutumiwa mahakamani kama ushahidi wa kosa. Tukakusanywa ukumbini kufundishwa kusema pole. Naam, watu wazima na vitambi vyao, madaktari bingwa, wakapangwa wawili wawili kupeana pole kama wanakwaya wanaotafuta sauti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Kimya hakucheka. Jumamosi hiyo alivaa koti lake akaenda nyumbani kwa fundi cherehani.

Huyu fundi wakongwe tunamkumbuka. Miaka minane iliyopita alikuja kujifungua kwetu, mtoto akakwama. Mkunga alimpigia simu daktari wa zamu, na daktari hakutokea hadi kulipokucha. Mtoto alizaliwa amekosa hewa. Mpaka leo hawezi kukaza shingo, na mama yake hushona akiwa amemwegesha kwenye mito kando ya cherehani. Mama alishtaki, kesi ikaburutwa mwaka hadi mwaka. Hospitali ikajibu kwamba daktari hakuwahi kupigiwa simu, na lawama zote zikamwangukia mkunga. Mwenzetu huyo aliacha kazi kwa aibu isiyo yake, akafariki kabla ya kusikilizwa.

Basi Mzee Kimya alisimama mlangoni kwa fundi, akasema pole. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Miaka yote hii ulikuwa nayo hiyo pole. Umeniletea leo kwa kuwa haikugharimu kitu."

Mkewe anasema hakugusa chakula siku ile. Kilichomsumbua ni jambo alilolijua. Katika kikao cha ndani kuhusu malalamiko ya fundi, daktari alikiri mbele yake kwamba simu ilimfikia, akaipuuza akidhani mkunga ana papara tu. Wakaambiwa yaliyosemwa yaishie mle. Mzee Kimya alikuwa na watoto wa kusomesha, akayameza. Hilo analisema mwenyewe, wala hajitetei.

Jumatatu akamtafuta wakili wa fundi, na mwezi Machi akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Mwanasheria wetu aliruka juu, akadai kwamba maneno ya daktari nayo yanalindwa na sheria mpya. Jaji akamjibu kwamba sheria inalinda pole, na yale ya daktari hayakuwa pole; wala hailindi uongo kuhusu kilichotokea. Fundi akashinda. Mkunga wetu naye akasafishwa jina, ingawa hayupo kuyasikia hayo. Mtoto hatatembea, hakuna hukumu ya kumwinua, na tusidanganyane.

Kwa sababu ya ushahidi huo, ndugu zetu, sherehe ya Ijumaa imeondolewa ukumbini na uongozi umetoa udhuru. Tutaagana kantini, saa kumi jioni. Asiyeogopa kuonekana aje.

Tuliokuwa mahakamani siku ya hukumu tulimwona Mzee Kimya akimfuata fundi nje, akasimama mbele yake asijue aanzie wapi. Fundi alikuwa amembeba mwanawe, mtoto mrefu sasa, miguu ikining'inia. Akamwambia, "Nipokee huyu, mgongo unaniuma." Mzee akampokea, akailaza ile shingo vizuri begani mwake, akasimama naye mpaka teksi ilipokuja. Machozi yalimtoka, nasi tukatazama pembeni.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote, na zaidi kwa huu wa mwisho. Tunakuombea mapumziko mema na umri mrefu. Na siku utakapougua, daktari wa zamu apokee simu.