Karatasi ya Tumbaku

Benchi la Adhieu ni mbao mbili juu ya matofali, chini ya mabati, kando ya barabara ya kwenda Lodwar, hapa Kakuma. Yeye anauza kahawa ya tangawizi, ile ya kwao Sudan Kusini. Mimi naziba pancha za pikipiki pembeni, na Hakimu anahukumu. Jina lake ni Ekaale, lakini hakuna kesi ya jirani isiyomhusu. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa yake. Binti yake Akoru wa darasa la nne, mtoto aliyekuwa akisoma hata maandishi ya magunia ya unga, alichaguliwa kwenda Lodwar siku ya Ijumaa akasome hadithi aliyoitunga mwenyewe. Sasa hataki. Hashiki kalamu wala hafungui kitabu, na mwalimu amemwita baba aeleze. Nilikuwa nimekasirika kabla ya kikombe cha kwanza.

— Shule imeharibu mtoto yangu, Hakimu alisema. Mwalimu ndiyo anakula mshahara, halafu naitwa mimi nieleze?

— Wewe huwa unamsikiliza akisoma nyumbani? nilimuuliza.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Umesikia baba hapo? Baba hayuko.

Koang, tunayemwita Ramani kwa kuwa kila jambo lazima alipitishe kwenye njia alizotembea, akatikisa kichwa.

— Si shule. Ni sola. Mimi nimepita nchi kwa mguu, sijaona mtoto wa kibatari anakataa kitabu. Hiyo taa inachota macho ya mtoto, inarudishia jua. Ndiyo maana jua ya hapa ni kali.

— Ni samaki, alisema Ekwam. Huyu aliwahi kubeba sanduku la chanjo siku mbili, tangu hapo tunamwita Daktari. Akaendelea: Samaki mkunje angali mbichi. Na ile ya Kalokol, ya ziwani, inafika hapa imekauka. Mtoto akila kavu, ulimi inakauka. Atasoma na nini?

Niliwaambia wanyamaze. Midomo mitatu, na nyumbani kwao hakuna hata kitabu kimoja. Hakimu akanijibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui alimaanisha nini.

Mgeni akaja kweli. Bibi mmoja, Atiir, kutoka Kaaleng, alikuwa akingoja gari la Lodwar. Akatusalimu "ejoka", tukaitikia, na kama wazee wetu wote aliomba tumbaku kabla ya kukaa. Mtu hanyimwi tumbaku. Hakimu akatoa yake mfukoni, imefungwa kwa karatasi ya daftari. Bibi akaimimina kiganjani, akainyoosha ile karatasi, akaigeuza.

— Mimi sikusoma, alisema. Hii inasema nini?

— Takataka tu, alisema Hakimu. Mama wa tumbaku anafungia.

Niliichukua. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, mkubwa, umekandamizwa. Nikasoma kwa sauti:

"Ukame ulimaliza ng'ombe wetu wote. Baba alibaki na wimbo aliomtungia dume wake. Akikaa peke yake anauimba polepole, anadhani hatusikii. Mimi ninauandika wote, ili siku akisahau nimsomee. Unaanza hivi."

Hapo karatasi iliishia. Hakimu alikuwa ameacha kutafuna tumbaku.

— Daftari ya Akoru ilikuwa imejaa, alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Ikijaa si ni takataka? Nilimpelekea mama ya tumbaku, nikapewa fungu.

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

— Karatasi ingine iko wapi? bibi aliuliza. Yenye wimbo.

Ramani alitazama barabara. Daktari alishika mfuko wa shati lake wenye tumbaku, akautoa mkono. Adhieu akainamisha birika, halikutoa kitu. Hakimu alimtazama bibi kama mtu anayengoja kuhukumiwa, na hakuna aliyemhukumu.

Mimi nilitazama mikono yangu. Jumatatu, baada ya tairi la mwisho, nilijifuta grisi kwa karatasi ya tumbaku kama hiyo, yenye mwandiko huohuo, na sikusoma hata neno moja.