Injini Iliyofunguliwa Ikiwa Nzima

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi pikipiki, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Ukikaa kushoto unapigwa na jua, ukikaa kulia unanusa petroli, na ukikaa katikati hupati nafasi ya kusema. Asubuhi hiyo fundi mwenyewe, anayeitwa Sikio kwa sababu hutambua ugonjwa wa pikipiki kwa kuisikiliza tu, hakuwa amekaa popote. Alichuchumaa, akasimama, akachungulia barabara, akatoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Mbele yake ilisimama pikipiki ya shangazi yake, Suzuki ya zamani iliyopauka tangi, na injini yake ilikuwa wazi. Silinda, pistoni na bolti vililala ndani ya karai la petroli. Shangazi ni mkunga. Jana mchana aliiacha pale ibadilishwe oili, basi, hakuna kingine, akasema leo saa sita ataipitia kwa sababu ana wajawazito wa kuwatembelea. Na saa tano ilikuwa imeshapita kitambo.

— Hebu kaa, bwana, unatuzungusha macho, — alisema Rubani. Huyu huendesha pikipiki ya abiria, na ndege anaijua kwa kuiangalia ikipita juu.

— Niache, — alisema Sikio. — Huyu wa duka la vipuri kaniambia nusu saa. Nusu saa gani hii isiyoisha?

— Ringi ni kitu kidogo, ataipata tu.

— Kidogo! Hicho kidogo ndicho kimenikalisha macho usiku kucha.

Ringi ni kile kibangili chembamba kinachoizunguka pistoni. Jana jioni, wakati wa kuirudisha silinda mahali pake, Sikio alikuwa na haraka na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu watatu wanaobishana. Mkono ukasukuma kabla jicho halijatazama. Akasikia *tik*, akajua. Miaka yote aliyokaa na spana mkononi hakuwahi kuvunja ringi, na ya kwanza kuivunja ikawa ya shangazi yake, dada wa baba, aliyemlipia chuo cha ufundi.

Bi Vikombe, muuza kahawa, alimpa kikombe. Sikio alikipokea, akakiweka juu ya tairi, akakisahau.

— Mimi sielewi kinachowashangaza pikipiki hii kutoharibika, — alisema Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, mita imemning'inia shingoni kama kawaida yake. — Hawa Suzuki ni watu wetu. Ni watu wa nguo.

— Ameanza, — alisema Rubani.

— Nimeanza, ndiyo! Mwaka elfu moja mia tisa na tisa yule mzee Suzuki mwanzilishi hakuwa na pikipiki, hakuwa na gari, hakuwa na hata kengele ya baiskeli. Alikuwa anatengeneza mitambo ya kufumia vitambaa. Na inasemekana wa kwanza alimtengenezea mama yake mzazi, asichoke. Nimelisoma kwenye gazeti lililofungiwa vifungo vyangu.

— Gazeti la vifungo!

— Vifungo ni vifungo, maandishi ni maandishi. Mtu aliyezoea nyuzi elfu zisikatike, wewe unadhani atashindwa kukaza bolti kumi?

Hapo hata Rubani alitikisa kichwa kidogo, maana jambo lilikuwa na utamu wake. Lakini kukubali hadharani hakuwezi.

— Sasa kutoka kwenye nyuzi alifikaje kwenye pikipiki?

— Pamba ilikwenda mrama baada ya vita, biashara ikayumba. Halafu mkubwa mmoja wa kiwanda alikuwa akipenda kwenda kuvua samaki kwa baiskeli. Upepo ukamchosha. Akasema, hii baiskeli tuitie kainjini. Mwaka hamsini na mbili wakatoa baiskeli ya injini, hamsini na tano wakatoa kigari kidogo. Uvivu wa mtu mmoja, ndugu zangu, umetufikisha hapa.

— Huo si uvivu, — alisema Ripota, na benchi zima likamgeukia. Ripota ni kinyozi, na habari zake zote huzitoa kwenye vichwa vya watu. — Hiyo ndiyo hadithi wanayowapa ninyi wa magazetini. Ukweli ni kwamba biashara ya nguo ilipoyumba, walibaki na mitambo mamia kwa mamia. Wakaiyeyusha. Chuma kile kile kilichozoea kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, miaka arobaini, ndicho kikawa pistoni. Sasa pistoni inafanya nini?

— Inakwenda mbele na kurudi nyuma, — alisema Sindano taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe.

— Basi! Chuma kilishajua kazi. Hakikufundishwa upya.

— Acha hizo, Ripota! — alisema Rubani. — Chuma kinajua nini?

— Mkasi wangu unajua kichwa chako. Nikiushika vibaya unajirekebisha.

— Ndiyo maana uliniachia kipara cha upande mmoja.

Walicheka wote isipokuwa Sikio. Yeye alikuwa amesogea mpaka ukingo wa lami, kiganja juu ya macho. Aliona mwanamke mwenye mkoba mweusi, akadhani ni shangazi. Hakuwa yeye. Akarudi, akachuchumaa, akaichukua pistoni, akaifuta kwa kitambaa ingawa ilikwishafutwa mara nne.

— Jana nani alisema ifunguliwe? — aliuliza ghafla bila kuinua kichwa.

Macho yalimwendea Ripota.

— Mimi nilisema ndani kuna siri, — alijibu Ripota. — Kufungua sikutaja.

— Ulisema hamtaamini mpaka muone.

— Kuona ni kuona, kufungua ni kufungua.

— Na wewe Rubani, si ulisema mimi naogopa? Kwamba injini nzima inanitisha kuliko mbovu?

— Nilitania, kaka. Mtu hataniwi siku hizi?

Sikio alijua vizuri kwamba hakuna aliyemshika mkono. Tangu alipoanza ufundi amekuwa akiisikia pikipiki hii ikija kutoka mbali. Miaka kumi na minane inapita mito na makorongo, inabeba mkunga na mizani yake, na haikuwahi kuja kibandani ila kwa oili, tairi na taa. Zile nyingine hufa, hufufuka, hufa tena. Hii hapana. Jana, oili ya zamani ikichuruzika, ubishi ukipamba moto, hamu ikampanda yeye mwenyewe. Alitaka kuiona hiyo siri kabla ya kinyozi. Akafungua kitu kizima.

— Na tuliona nini? — aliuliza Bi Vikombe, akiwamiminia watu.

— Pistoni, — alisema Sindano kwa huzuni.

— Pistoni ya namna gani?

— Kama pistoni.

— Hapo ndipo mnapokosea, — alisema Ripota, akasimama kabisa, kahawa ikamwagika kwenye kiatu na asijali. — Mimi nimelala nikifikiri. Siri haikuwa chuma. Ilikuwa hewa!

— Hewa?

— Hewa ya kiwandani! Siku wanayoifunga injini, ile hewa ya kwao, safi, ya watu wanaojua kazi, inabaki humo. Ndiyo inayozunguka miaka yote. Sisi jana tukafungua. Hewa yao ikatoka, ikaingia hii yetu ya vumbi na moshi. Ringi isingevunjika?

— Ripota, — alisema Rubani, — hiyo injini inavuta hewa kila sekunde. Ile mipira ya kabureta unadhani ni ya mapambo?

— Hiyo ni hewa ya kufanyia kazi. Mimi nasema hewa ya kukaa.

— Kweli kuna hewa ya kukaa, — alisema Sindano. — Hata nyumba iliyofungwa ukiifungua unaisikia.

— Sindano, na wewe!

— Tena inasemekana, — Ripota sasa alikuwa amepanda gari la maneno na hashuki, — kabla ya kuiuza huiweka injini peke yake chumbani, mlango umefungwa, mwaka mzima. Mtu anakaa nje anasikiliza. Ikilia, wanaitupa. Isipolia, ndiyo wanaiuza.

— Inasemekana na nani?

— Na mteja.

— Mteja gani?

— Ana nywele ngumu, wewe humjui.

Simu ya Sikio ikalia. Aliinyakua nusura iangukie karai. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema hapana, akasema hata iliyotumika? Kisha akasema asante kwa sauti ya mtu asiyeshukuru kitu.

— Vipi? — aliuliza Rubani.

— Ringi ya toleo hili hana. Mpaka aagize. Wiki, siku kumi.

— Si utafute ya aina nyingine uichonge?

— Niichonge? Shangazi afike katikati ya njia injini imkwamie? Usiniambie mambo hayo.

Akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, chini, kwenye mchanga, mgongo kwenye tairi. Aliwaza atasema nini. Angeweza kusema injini ilikuwa inagonga. Angeweza kusema aliisikia inataka kufa, akaiwahi. Shangazi angeamini, maana kwa mambo ya injini humwamini yeye kuliko mtu yeyote. Wazo hilo lilimfanya ajisikie mchafu, na bado hakulitupa.

Ndipo akatokea mtu wasiyemjua. Mwanamume wa makamo, saruji imemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko, anahema.

— Habari zenu, wakubwa. Samahani, naulizia mkunga. Nimefika kwake nimeambiwa yuko njiani, anapitia pikipiki yake hapa kwa fundi. Nampigia hapokei.

— Akitembea simu huwa ndani ya mkoba, hasikii, — alisema Bi Vikombe. — Kuna nini, baba?

— Mke wangu. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Dada yangu yuko naye, lakini anasema mtoto amekaa vibaya, afuatwe mkunga haraka. Ni kule ng'ambo ya machimbo.

— Atakuwa hapa sasa hivi. Kaa, upumzishe miguu.

Walimsogezea nafasi katikati. Hakukaa. Alizunguka kibanda kama Sikio alivyokuwa akizunguka, akatazama barabara, akatazama chini, mwisho akaiona pikipiki. Akainamia karai, akatazama vyuma vinavyong'aa ndani ya petroli, kisha akamtazama Sikio kwa heshima kabisa.

— Ndiyo hii yake?

— Ndiyo.

— Ilikuwa na ubovu gani?

Sindano alishika mita yake kama anayetaka kupima kitu. Rubani aligundua kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Ripota, ambaye hakuna swali lililowahi kumkuta hana jibu, aliinama kufuta ile kahawa iliyomwagika kiatuni.

— Nauliza tu, — alisema yule mwashi, akidhani amewakosea. — Mimi pikipiki sizijui.

— Mjibuni mwenzenu, — ilisema sauti nyuma yao.

Shangazi alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, mkoba begani, viatu vyeupe vimejaa vumbi. Haikujulikana alikuwa amefika saa ngapi. Sikio aliinuka. Ule uongo ulikuwa tayari mdomoni, umepangwa vizuri, ungeweza kutoka wenyewe. Akamtazama mwashi, ambaye bado alikuwa anasubiri kuambiwa.

— Ilikuwa nzima, shangazi, — alisema. — Haikuwa na kitu. Niliifungua kuona kwa nini haiharibiki. Wakati wa kurudisha nikavunja ringi, na ringi haipatikani.

— Ilikuwa nzima.

— Ndiyo, shangazi. Nisamehe.

Mwashi hakungoja zaidi.

— Mama, ni wewe mkunga? Mke wangu yuko ng'ambo ya machimbo. Tangu alfajiri. Wanasema mtoto amekaa vibaya.

Shangazi alimuuliza maneno mawili matatu, mimba ya ngapi, chupa imepasuka saa ngapi, huku macho yake yakiwa kwenye karai. Rubani alikuwa ameshaiwasha pikipiki yake, ile ambayo Sikio huisema kila siku kwamba inakohoa. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Shangazi akapanda nyuma yake, mkoba kifuani, mwashi akajibana mwisho kabisa awaonyeshe njia. Sikio alimshikilia shangazi mkono wakati anapanda, na yeye hakuuvuta.

— Miaka kumi na minane, — alimwambia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma, — haijanichelewesha kwa mzazi hata mmoja. Leo umenichelewesha wewe.

Wakaondoka. Vumbi lilisimama njiani, likashuka. Sikio aliiacha spana mchangani. Aliisikiliza ile pikipiki ikipanda mlima, watu watatu juu yake, akaomba kimoyomoyo isizime. Akaendelea kuisikiliza mpaka ikawa hakuna tena cha kusikia.

Ripota alikohoa kidogo.

— Lakini mkifikiria vizuri, — alianza, akinyoosha kikombe kiongezwe, — ile hewa...

Bi Vikombe alikichukua kikombe kutoka mkononi mwake, akachukua cha Sindano, akakichukua na kile cha Sikio kilichopoa juu ya tairi, akavipanga ndani ya ndoo.

— Kahawa imekwisha, — alisema, akainua birika lake, na bado lilikuwa zito kiasi cha kumvuta bega.