Mama Mizani na Mawe Manne ya Mpaka

Sehemu ya historia hii inayohusu mpaka ilisimuliwa kwanza na dereva wa halmashauri, Jumapili ya tarehe 11 Aprili 2021, alasiri, sebuleni kwa marehemu mwenyewe, mbele ya ndugu wanne. Sehemu nyingine zimetoka kwenye vyeti, barua na madaftari aliyoyaacha, ambayo familia imeyasoma yote kabla ya kuandika, na pale tulipokuta tarehe mbili zinazopingana tumeichukua ile iliyo kwenye karatasi.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Novemba 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji wa sare za shule, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga jirani na maegesho ya malori. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipokuwa na miaka sita alimkamata shangazi yake mkono akamrudisha dukani, kwa sababu kilo ya sukari waliyouziwa ilikuwa nyepesi, na muuza duka alipoipima tena akakuta mtoto hakukosea, akaongeza vijiko vinne, na tangu siku hiyo akawa anamhudumia shangazi akiwa amenuna.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, akaingia sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1976 na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1979, akiwa amefaulu vizuri hisabati na jiografia na kuanguka somo la muziki, jambo ambalo alilitaja mwenyewe bila kuulizwa. Mwaka 1981 hadi 1983 alisoma chuo cha afya ya mazingira, akapata cheti.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa na halmashauri ya mji kuwa karani wa mizani kwenye dampo, kazi ambayo watu wawili walikuwa wameiacha kwa sababu ya harufu, ofisi yake ikiwa kibanda cha bati chenye dirisha moja, meza yenye mguu uliofungwa waya na kiti kisicho na mgongo. Kila lori lilipoingia alilipima likiwa limejaa, akalipima tena likitoka tupu, akaandika tofauti, na madereva waliozoea kukadiria kwa macho wakaanza kumwita Mama Mizani kwa kumkejeli, kabla hajaolewa wala kuzaa, na jina likamkaa. Alikaa katika kibanda kile miaka kumi na tatu, akapandishwa kuwa msaidizi wa afya mwaka 1997, na mwaka 2003 akawa afisa mazingira wa mji, cheo alichostaafu nacho.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986 na mwalimu wa fizikia, mtu wa maneno machache kama yeye, hata majirani wakawa wanasema nyumba ile ina redio tu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili aliishi siku kumi na moja, wa tatu ni fundi umeme, na wajukuu ni watano. Mwalimu alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Mei 2019.

Mwaka 2009 halmashauri yetu, pamoja na miji mingine mingi, iliweka ahadi ya maandishi kwamba itapima gesi zote zinazoongeza joto la dunia na kutoka ndani ya mipaka yake, na kuzipunguza kwa theluthi moja ifikapo mwaka 2020, kila mji ubebe moshi wake wenyewe bila kungoja serikali kuu. Kazi ya kupima alipewa dada yetu, naye aliifanya kwa miezi kumi na minne kwa miguu na kwa gari la ofisi, akiingia kwenye tanuri za matofali, viwanda vya mikate, vituo vya mafuta, chumba cha jenereta ya hospitali na gereji, akiuliza kila mahali wanachoma nini na kiasi gani, na watu wakimficha, wakidhani ni mtu wa kodi. Ripoti yake ya Machi 2011 ilionyesha kwamba asilimia arobaini na moja ya gesi zote za mji ilitoka mahali pamoja tu, pasipo na bomba wala moshi wa kuonekana, yaani dampo, kwa kuwa taka zinazooza chini bila hewa hutoa gesi yenye kunasa joto zaidi kuliko ile ya magari. Aliandika pia dawa yake, kwamba mlima ule wa taka ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi, uchomekwe mabomba ya kutolea gesi, na nyumba sitini na tatu zilizokuwa chini ya mteremko zihamishwe kabla ya kazi kuanza. Nyumba mojawapo kati ya hizo ni ya mdogo wetu, fundi wa vyuma, aliyejenga pale mwaka 2002 kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na chuma chakavu kilikuwa kinashuka chenyewe hadi mlangoni.

Mkurugenzi wa wakati ule, mtu mpole na msemaji mzuri, alisoma ripoti, akaisifu mbele ya wakuu wote wa idara, kisha akauliza swali moja, kama kuna mtu ana hakika kwamba dampo liko ndani ya mpaka.

Lilikuwa ndani, na aliyejua hivyo kwa hakika alikuwa dada yetu peke yake, kwa maana mawe manne ya mpaka upande ule yalikuwa yamefukiwa na taka tangu miaka ya themanini, naye aliyaona yakifukiwa, moja baada ya jingine, kupitia dirisha la kibanda. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2013, saa tatu asubuhi, walikwenda watu watano, mkurugenzi, mpima ardhi, mwanasheria wa halmashauri ya jirani, dereva na yeye. Aliwaonyesha mahali pa kuchimba, na mawe yote manne yakapatikana pale pale aliposema. Yalipopatikana, yaling'olewa, na mpaka mpya ukachorwa mita mia sita nyuma, ukifuata barabara, ili dampo na nyumba za chini yake ziwe za jirani. Dereva alisema siku ile ameona mlima ukihama bila lori, na aliyecheka ni mwanasheria peke yake.

Dada yetu aliambiwa kwamba jirani ameshakubali kulifunika dampo ndani ya miaka miwili. Aliuliza limeandikwa wapi, akaambiwa litaandikwa. Akatia saini hati ya mpaka mpya. Hakulazimishwa, hakuahidiwa cheo, na familia haitasema leo kwamba alidanganywa, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa neno hilo litumike.

Mpaka mpya ulitangazwa rasmi tarehe 1 Julai 2014, na ripoti ya mwaka ule ikaonyesha kwamba gesi za mji zimepungua kwa asilimia arobaini na moja, bila lori hata moja kupunguzwa. Mji ulipongezwa na kupewa cheti, kikatundikwa mapokezi, kipo hadi leo. Malori yalikuwa yale yale, tisini kwa siku, na dampo lile lile, ila mizani iling'olewa mwezi Agosti kwa hoja kwamba dampo si letu tena, na tangu mwezi huo hakuna ajuaye ni kiasi gani kinamwagwa pale. Halmashauri ya jirani nayo, ilipopima gesi zake, iliandika eneo lile kuwa ni bonde lisilo na matumizi, ikaweka sifuri. Hivyo ndivyo dampo lilivyokosa mwenyewe.

Kuanzia Novemba 2014 dada yetu alianza kulipima kwa hesabu yake. Mume wake alimpa kipimajoto cha maabara, na mdogo wetu akamchomelea bomba la chuma la mita mbili lenye ncha, huku akimtania kwamba mlima una homa, aupe kidonge na usingizi. Kila Jumamosi asubuhi alilipigilia bomba mahali pale pale, akateremsha kipimajoto kwa uzi, akangoja robo saa, akaandika. Mwaka 2014 aliandika nyuzi joto arobaini na nne. Mwaka 2018 sitini na moja. Mwezi Desemba 2023 themanini na tatu. Mwalimu alikuwa amemweleza mapema maana yake, kwamba ule ni moto wa kumvi, kama wa maganda ya mpunga, unakula ndani kwa ndani, na juu panabaki kama palivyo mpaka siku ukoko utakaposhindwa kubeba. Kati ya mwaka 2015 na 2023 aliandika barua kumi na moja kwa halmashauri zote mbili, akajibiwa saba, na kila jibu lilimwelekeza kwa mwenzake kwa heshima zote.

Sisi nduguze hatukujua kuhusu saini hadi ile Jumapili ya mwaka 2021, dereva alipokuja kuaga baada ya kustaafu, akasimulia habari za mawe kama kichekesho. Dada yetu alikuwa jikoni. Aliingia na sinia ya chai, akaiweka mezani, akamwambia dereva, "Malizia. Umeishia kabla sijatia saini." Dereva alichukua kikombe, basi dada yetu akamalizia mwenyewe, amesimama. Mdogo wetu akasema, "Dada, mpaka umeuhamisha. Nyumba yangu niachie." Aliyasema kwa sauti ya utani, lakini hakunywa chai, na kwa miezi saba hakufika tena pale nyumbani. Marehemu aliendelea kumpelekea ujumbe kila wiki, nyuzi tu, hakuna salamu, kwa kuwa alijua salamu zisingesomwa.

Alistaafu tarehe 3 Novemba 2021. Siku hiyo ndipo mdogo wetu alipokuja, akala, akaosha vyombo, na hakuna kati yao aliyegusia jambo lile. Tangu hapo akawa anamsindikiza kupima, akimbebea bomba. Kila aliposihiwa ahame alijibu kwamba wateja wake wote wanakaa pale chini, na kwamba akihama yeye peke yake atakuwa amefanya kama halmashauri.

Jumatano tarehe 17 Januari 2024, saa mbili na nusu asubuhi, marehemu alipanda peke yake, siku isiyo ya kawaida yake, kwa kuwa aliona nyasi za upande wa mashariki zimekauka katika duara. Ardhi ilifunguka chini ya mguu wake wa kulia, akazama hadi gotini, na kilichokuwa chini hakikuwa na mwali wala moshi, kilikuwa ni joto tu. Wanawake wawili wanaochambua plastiki walimvuta kwa kanga na ubao. Hospitalini, karani wa mapokezi alipojaza fomu alikwama kwenye kipengele cha mahali pa ajali, akauliza aandike halmashauri gani, maana kwenye ramani pale ni kwa jirani, na jirani hana barabara pale wala jina la mtaa. Dada yetu, akiwa kwenye machela, alisema, "Andika ya kwetu. Mimi ndiye niliyeyaonyesha mawe." Karani aliandika, na nakala ya fomu hiyo tunayo.

Mguu ulikatwa tarehe 26 Januari, kidonda kikaleta sumu kwenye damu, na mwezi Machi figo zikaanza kushindwa. Akiwa kitandani alimwandikisha bintiye barua ya kumi na mbili, fupi kuliko zote, akieleza alichofanya tarehe 8 Oktoba 2013 na kuomba mji ulirudishe dampo kwenye hesabu yake, na watu wahamishwe kabla ya mvua. Jibu la mji lilifika tarehe 11 Machi, likisema suala hilo litawasilishwa kwenye kamati ya mipaka katika kikao cha mwaka wa fedha ujao. Alisomewa lote pamoja na salamu za mwisho wa barua. Kisha alimwita mdogo wetu, akamwomba kwa mara ya mwisho ahame. Dada yetu alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya upasuaji, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyembadilishia bandeji bila kumharakisha, majirani waliotufungulia nyumba zao, wafanyakazi wenzake wa idara ya mazingira, akiwemo yule aliyetuletea madaftari ya mizani ya mwaka 1984 hadi 1997 yaliyokuwa yameamriwa yachomwe, na wale wanawake wawili waliomvuta, ambao wako hapa na wamekataa kukaa kwenye viti vya mbele. Tunaishukuru pia halmashauri ya mji kwa shada na kwa gari.

Dada, umechoka, lala sasa, ulichopima tumekisoma.

Kati ya watu watano waliosimama mpakani siku ile, mpima ardhi alifariki mwaka 2017, dereva alifariki mwaka 2022, na marehemu ndiye tunayemzika leo. Mwanasheria yu hai, sasa ni hakimu. Mkurugenzi yu hai, amestaafu, na tunamshukuru kwa kuja. Mdogo wetu, fundi wa vyuma, yu hai, na bado anaishi pale. Nyumba zilizokuwa sitini na tatu zimefika mia moja na nne, tulizihesabu jana, na waliomo humo, hadi saa hii tunaposoma, wote wako hai.