Utepe wa Gari la Wagonjwa la Ha Letsika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliye mgeni wetu rasmi; chifu wetu; nanyi nyote mliopanda mlima huu kwenye baridi hii:

Karibu sana Ha Letsika. Ugali na nyama ya kondoo viko jikoni, huondoki na njaa. Kwa desturi yetu, mgeni wa heshima huvikwa blanketi kabla hajaketi. Leo umeketi bila kuvikwa, na wasaidizi wako wameshaanza kunong'onezana. Sababu tutaisema.

HISTORIA YA GARI

Gari hili lilifika baada ya Pasaka, limefungwa utepe wa buluu. Tulishangilia hadi sauti zikatukauka. Ofisi yako ikaagiza lisiguswe mpaka uje kuukata utepe. Ufunguo aliachiwa dereva, Bwana Sekhobe, ambaye sisi humwita Ntate, mwana wa kijiji hiki. Rimoti ya kuzimia alamu ilibaki wilayani katika sanduku la zawadi, uje uikabidhi kwa mkono wako. Ziara ikaahirishwa. Theluji ikafunga njia, ikaahirishwa tena.

Ntate Sekhobe alipiga simu wilayani kuomba aliwashe walau mara moja kwa wiki. "Mkubwa, gari likikaa betri inakufa. Alamu inakula chaji hata kama limelala."

Akajibiwa, "We Sekhobe, hilo gari ni bibi harusi. Umeona wapi bibi harusi akitembezwa mitaani kabla ya siku yake?"

Mkubwa akishasema, mdogo afanyeje? Akakata simu.

CHANGAMOTO

Alamu ikaanza. Farasi akijikuna kwenye bampa, inalia. Upepo ukivuma, inalia. Nasi ni watu wa mablanketi, kila kinacholia tunakifunika. Wazee wakasema, "Maskini, gari la mjini hilo, linasikia baridi." Tukalifunika mablanketi, moja juu ya jingine. Sauti ikafifia, ikawa kama ya mbuzi mgonjwa, mwisho ikakatika. Tukapongezana: "Ehee, limepata joto, limelala!" Kumbe betri imekufa.

Mama mjamzito, 'M'e Limpho, aliposhikwa na uchungu, Ntate Sekhobe alikimbilia gari, amri au si amri. Akazungusha ufunguo. Gari likasema "tik", basi. Tukampandisha Limpho juu ya farasi. Mtoto wake tulimzika upande ule wenye mawe meupe. Limpho ameketi mstari wa mbele. Alisema jambo hili tusilipunguze makali, nasi hatulipunguzi.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni jambo moja.

Baada ya mazishi, Ntate Sekhobe alichomoa betri ya trekta ya kaka yake, akaifunga kwenye gari. Alamu ikalipuka papo hapo, na rimoti hatuna. Akaifungua betri, akawa anailaza nyumbani kwake karibu na jiko isipigwe na baridi. Mkewe alilalamika kwamba betri inapendwa kuliko yeye.

Zamu ya 'M'e Puleng kujifungua ilipofika, betri ilikuwa tayari. Sekhobe hakuukata utepe, aliheshimu. Alilifungua fundo kwa meno. Akaondoka na Puleng na muuguzi wetu, 'M'e Lineo, huku alamu ikipiga mayowe mlima mzima. Wachungaji walishuka mbio na fimbo. "Mwizi! Mwizi wa gari!" Sekhobe akatoa kichwa dirishani: "Mwizi ni mimi, pisheni njia!"

Mtoto alizaliwa kabla ya daraja, mzima, akilia kuishinda alamu. Kitambaa safi garini kilikuwa kimoja tu: blanketi tulilokununulia wewe, Mheshimiwa, tukalihifadhi humo lisiingie vumbi. 'M'e Lineo akamviringisha mtoto humo. Binti ameitwa Tseleng, yaani Njiani. Blanketi ni lake, hatumnyang'anyi.

MAOMBI

Kwa kosa la kuliendesha gari kabla ya sherehe, Ntate Sekhobe amesimamishwa kazi na kunyang'anywa ufunguo. Tulikuwa na maombi ya daraja jipya na umeme. Tumeyafuta. Tunaomba Sekhobe arudi.

Utepe ulio mbele yako ni uleule, tumeufunga upya. Alama za meno ni zake. Ukishaukata, utatafuta dereva wa kumkabidhi ufunguo na rimoti. Mkituletea mwingine kutoka mjini tutamlisha vizuri, kisha tutamsindikiza arudi kwao. Gari hili litawashwa kila wiki, na halitasimama tena kungoja sherehe ya mtu.

Sekhobe yuko nyuma ya zizi lile la mawe, kwa sababu amekatazwa kusogea hapa. Tukimaliza kusoma tutamwita kwa jina, kijiji kizima, na hatutanyamaza mpaka umkabidhi.

Alamu ile ilinyamaza kwa sababu ilitegemea betri. Sisi, Mheshimiwa, hatutumii betri.

Amani ikae nawe, mvua ikunyeshee, zizi lako lisipungue.

Ni sisi,
Wakazi wa Ha Letsika, pamoja na Tseleng